Msitugawie miche kabla ya kutujengea kaushio

Barua ya wazi kwa mawaziri wa kilimo, misitu, afya na biashara, kwa wajumbe wa kamati za bajeti, na kwa wakuu wa forodha na wa mamlaka za dawa

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu sisi tunaolima, tunaochuma na tunaouza mimea dawa na mimea ya manukato. Nawaandikia nikiwa mmoja wao. Nina ombi moja, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu limepita masikioni mwa viongozi wengi bila kukaa: fedha na nguvu mnazozielekeza kwetu zianze na yale yanayotokea baada ya mavuno, ndipo zirudi nyuma kwenye miche.

Kwa sasa mambo huenda kinyume. Mradi unatangazwa, vitalu vinaandaliwa, miche inagawiwa kaya kwa kaya, picha zinapigwa, na hesabu ya miche iliyogawiwa inaingia kwenye ripoti ya mwaka. Mingi ya mimea hii si migumu kuotesha. Huota hata kwenye ardhi iliyochoka. Kisha mavuno yanafika, na siku hiyo hakuna mtu wa mradi aliyebaki. Hakuna pa kukaushia, hakuna pa kupimia, hakuna mnunuzi aliyeahidi kitu kwa maandishi. Mkulima anang'oa, anapanda kingine, na ofisini panaandikwa kwamba wakulima hawakuwa na mwamko. Mwamko walikuwa nao. Waliachwa peke yao kwenye wiki ile moja inayoamua kila kitu.

Naomba mniruhusu niwapeleke hadi kwenye wiki hiyo.

Chukueni mmea wowote wa majani yenye harufu: mnanaa, mrehani, mchaichai. Harufu yake imo katika vifuko vidogo vya mafuta vilivyo juu au ndani ya jani, na mafuta hayo yanapaa kwa urahisi, ndiyo maana tunayanusa. Jani likishakatwa linaendelea kupumua. Majani mabichi yakishindiliwa kwenye kiroba hujitengenezea joto. Tia mkono katikati baada ya saa chache utaliona, na kufikia asubuhi majani ya katikati yamekuwa meusi na yananuka uvundo. Yakianikwa kwenye jua kali yanapauka na mafuta yanakwenda na hewa. Yakianikwa juu ya moto yanabeba moshi, na moshi hautoki tena. Yakianikwa chini, yanaokota mchanga na vinyesi vya kuku na mbuzi, na hapo vijidudu vya tumboni vimeshaingia kwenye kitu ambacho mtu atakinywa kwa ajili ya afya yake.

Njia iliyo salama inajulikana. Majani yanatandazwa kivulini kwa tabaka jembamba, juu ya vichanja vyenye wavu, hewa ikipita chini na juu, kwa joto lisilozidi sana nyuzi 40. Yanageuzwa. Yanatolewa yakiwa yamebaki na unyevu wa asilimia 10 hivi, 12 kwa wingi, kwa sababu juu ya hapo kuvu huanza kazi ndani ya gunia hata kama macho hayaoni kitu. Mizizi inaoshwa na kukatwa vipande kabla ya kuanikwa, la sivyo nje inakauka na ndani inaoza. Magome yana utaratibu wake, maua yana wake.

Mnunuzi anapofika anapitisha mkono hadi kiwiko, anachomoa konzi ya majani kutoka katikati ya gunia na kuifinya. Yakivunjika kwa mlio, mazungumzo ya bei yanaanza. Yakikunjika bila kuvunjika, anayarudisha ndani na kufunga gunia, na mara nyingi hasemi neno. Kilo moja ya majani makavu huhitaji kilo nne, tano, au hata sita za mabichi. Gunia linalorudishwa limebeba kazi ya kupalilia, kukata na kubeba ya kilo zote hizo, na kwa sehemu kubwa kazi hiyo imefanywa na wanawake ambao hawatalipwa hata senti.

Kuliokoa gunia lile hakuhitaji teknolojia ya ajabu. Kunahitaji kaushio la jua lenye kivuli linalotumiwa na kikundi kizima, vichanja, maturubai safi, mizani iliyohakikiwa, kipima unyevu, ghala lenye sakafu iliyoinuliwa, na mtu mmoja aliyefunzwa vizuri ambaye wenzake wanamsikiliza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2003 mwongozo wa kilimo bora na uchumaji bora wa mimea dawa, na karibu haya yote yamo humo: utambuzi wa mmea, wakati wa kuvuna, ukaushaji, uhifadhi, kumbukumbu. Zaidi ya miaka 20 imepita. Mwongozo huo umo kwenye kabati za wizara zenu. Ni wakulima wangapi wameuona kwa lugha wanayoizungumza nyumbani? Maafisa ugani wangapi wameupitia darasani, walau kwa siku mbili? Afisa anayejua kila ugonjwa wa mazao ya nafaka hutujia shambani na kutuambia kwa unyoofu kabisa kwamba mimea yetu haimo kwenye mafunzo yake. Simlaumu yeye.

Mtaniambia kwamba kaushio bila mimea ya kutosha litakaa tupu. Ni hoja ya kweli, na jibu lake ni kwamba vyote viwili vitanguliwe na mnunuzi. Habari ya artemisia inatosha kuwa somo kwa serikali yoyote.

Artemisia ndiyo inayotoa artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria, uvumbuzi uliompa Tu Youyou wa China Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa hizo mseto mwaka 2001, na fedha za kuzinunua zilipoanza kupatikana miaka michache baadaye, malighafi ikaadimika na bei ikaruka. Wakulima wa China, Vietnam na Afrika Mashariki wakahimizwa kupanda, wakapanda. Lakini zao hili linahitaji miezi mingi shambani, kisha kukaushwa, kisha kutolewa kiini, kisha kutengenezwa dawa. Kati ya mbegu na kidonge hupita zaidi ya mwaka. Kila mtu aliyeona bei nzuri alipanda, na mavuno yote yakafika sokoni kwa pamoja. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeporomoka. Wengi wakaacha. Miaka michache baadaye malighafi ikaadimika tena na bei ikapanda tena, wakati huo mashamba yakiwa yameshapandwa vitu vingine. Mwaka 2013 artemisinini nyingine ikaanza kutengenezwa kiwandani Ulaya kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa vinasaba.

Mmea haukuwa na kosa, wala wakulima hawakuwa wavivu, na dawa ilikuwa inahitajika kuliko wakati mwingine wowote. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kati ya shamba na kiwanda akisema: msimu huu kiasi hiki kinatosha, mkataba ni huu, bei ya chini ni hii. Mtu huyo angeweza kuwa serikali, au chama cha ushirika kinachoaminika chenye serikali nyuma yake. Mnaposambaza miche bila makubaliano ya ununuzi, mnairudia hadithi hiyo kwa mmea mwingine, na anayebeba hasara ni yule mwenye akiba ndogo kuliko wote.

Kuna jambo jingine kwenye artemisia ambalo wenye vitalu huwa hawalisemi. Kiasi cha artemisinini katika jani kavu hutofautiana sana kati ya aina moja ya mbegu na nyingine. Kuna majani yenye kiasi kisichofika hata nusu ya asilimia moja na mengine yanayozidi asilimia moja. Kwa macho yanafanana. Kwa hiyo hata pale miche inapostahili kugawiwa, mchagueni kwanza mtafiti wa mbegu, na mkandarasi wa vitalu aje baada yake.

Upande wa mafuta ya manukato hasara inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu mmea mwingi unaishia kwenye chupa ndogo. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutokana na tani tatu hadi nne za maua yaliyochumwa alfajiri kabla jua halijayala. Mchaichai ni mkarimu zaidi, lakini hata huo hutoa chini ya asilimia moja ya uzito wake. Mtambo wa kukenekea, yaani wa kutoa mafuta kwenye mmea kwa mvuke, ukiwa wa chuma kinachoshika kutu, mafuta yanabadilika rangi na bei inaanguka. Moto ukizidi, harufu inaungua. Ukipungua, sehemu nzito za mafuta zinabaki kwenye majani. Na moto huo unatoka wapi? Kwenye kuni. Visiwa vya Komoro, vinavyojulikana dunia nzima kwa mafuta ya mlangilangi, vinajua maumivu haya: maua hukenekwa kwa saa nyingi mfululizo, na kila saa inakula miti. Mtambo wa chuma kisichoshika kutu, wenye tanuri lililozibwa vizuri lisipoteze joto na unaochoma mabaki makavu ya mmea wenyewe, unabana matumizi ya kuni kwa kiasi kikubwa. Mkulima mmoja hawezi kuununua. Wakulima arobaini wakiwa na mkopo wa riba nafuu wa miaka mitano wanaweza. Benki zinatuuliza dhamana, tukitaja mmea wanatuuliza huo mmea ni zao gani.

Hapo ndipo naingia kwenye jambo linalonikera kuliko mengine: hamjui mnachouza nje. Katika mfumo wa kimataifa wa forodha, mimea ya dawa na ya manukato imewekwa chini ya namba 1211. Ndani yake kuna vijinamba vichache vya mimea iliyotajwa kwa jina, na kingine chote kinaingia kwenye fungu moja la "nyingineyo". Mizizi, magome, majani, mbegu, mamia ya aina, vyote fungu moja. Gome la Prunus africana, mti ambao biashara yake ya kimataifa imekuwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1995, lilipata kijinamba chake mwaka 2022 tu. Wizara ya fedha ikitazama takwimu inaona fungu lisilo na sura, na bajeti ya kitu kisicho na sura ni rahisi kuifyeka. Kila nchi ina ruhusa ya kuongeza tarakimu zake za ndani baada ya zile sita za kimataifa. Ongezeni kwa mimea kumi au kumi na tano mnayouza zaidi. Hii ni kazi ya wataalamu wachache wa forodha na wa mimea kukaa meza moja, haihitaji mfadhili.

Na mkishaipa mimea majina, tupeni maabara.

Miaka ya mwanzo ya tisini nchini Ubelgiji, zaidi ya watu mia moja, wengi wao wanawake, waliharibika figo baada ya kumeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito. Mmea uliotakiwa uitwao Stephania ulikuwa umechukuliwa nafasi na mwingine wa jamii ya Aristolochia, ambayo ina sumu ya figo na inayosababisha saratani. Majina ya mimea hiyo miwili katika biashara ya Kichina yanakaribiana, na mizizi ikishakatwa vipande kuitofautisha kwa macho ni kazi ngumu. Kosa la namna hiyo likitokea mara moja, kila mchumaji mwaminifu duniani analipia. Mtaalamu wa mimea mwenye hadubini na sampuli za kulinganishia angeweza kulikamata. Katika maeneo mengi ya uzalishaji mtaalamu huyo yuko mji mkuu, na sampuli inayotumwa kwake inajibiwa baada ya mnunuzi kuondoka.

Au tuchukue magugu. Kuna mimea pori, kama ile ya jamii ya Senecio, Crotalaria na Heliotropium, yenye sumu za ini ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Inaota katikati ya mashamba yetu, na magugu machache yakikatwa pamoja na zao yanatosha kuchafua shehena. Tangu Julai 2022 Umoja wa Ulaya unaweka viwango vya juu vya sumu hizo kwenye chai za mitishamba na viungo kadhaa. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Anayekunywa kikombe kile ana haki ya kutodhurika. Ninachoomba ni mkulima aonyeshwe magugu hayo kwa picha na kwa mkono, apalilie akijua anang'oa nini, na apate pa kupima kabla shehena haijapanda meli. Kwa sasa anapata habari ikiwa shehena imeshakataliwa, na gharama ya kuirudisha au kuiteketeza inakatwa kwake. Maabara moja ya mkoa yenye uwezo wa kupima unyevu, vijidudu, sumukuvu, mabaki ya viuatilifu na metali nzito, pamoja na kromatografia ya gesi, kipimo kinachoonyesha mafuta yameundwa na nini, kwa wanaouza mafuta, ingebadilisha mazungumzo yote. Mkulima mwenye cheti cha maabara mkononi hapangiwi bei na mtu anayefinya majani.

Sasa vibali. Hapa nawaomba uvumilivu, kwa maana najua sheria nyingi zilitungwa kwa nia njema ya kulinda misitu.

Katika nchi nyingi mmea wetu una wakubwa wengi kwa wakati mmoja. Idara ya misitu inauona kama mazao ya msituni na inataka kibali cha kuvuna na kingine cha kusafirisha. Mamlaka ya dawa inauona kama dawa na inauliza usajili. Idara ya kilimo haiuoni kabisa. Halmashauri inauona kama bidhaa na inatoza ushuru. Mkulima aliyeupanda mwenyewe, akaupalilia na kuuvuna kwenye shamba lenye hati yake anasimamishwa njiani kana kwamba ameuiba kwenye hifadhi.

Kusini mwa India waliishi na tatizo hili kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1792 Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, aliutangaza msandali kuwa mti wa kifalme, na serikali zilizofuata zikaendelea kuumiliki. Hata msandali ulioota wenyewe uani kwa mtu haukuwa wake, ilhali jukumu la kuulinda lilikuwa lake. Nani angeupanda? Miti ya asili ikazidi kupungua huku wezi wakiendelea kuikata. Karnataka ilibadili sheria mwaka 2001 na Tamil Nadu mwaka 2002, mwenye ardhi akatambuliwa kuwa mwenye msandali wake, na watu wakaanza kuupanda mashambani. Umiliki wa serikali ulikuwa umezuia kile ambacho ulinzi ulidai kukitafuta.

Tunachohitaji ni utaratibu mwepesi wa kusajili shamba la mimea dawa: afisa anakuja mara moja, anaona, anapiga picha, anaandika idadi na umri, na tangu hapo mavuno ya shamba hilo yanasafiri kwa karatasi moja. Malighafi itenganishwe na dawa iliyokamilika. Anayeuza magunia ya majani makavu kwa kiwanda hajadai kumtibu mtu. Mtakeni usafi, utambuzi sahihi na kumbukumbu. Anayefunga vidonge na kuandika juu yake kwamba vinaponya, huyo mtakeni ushahidi, na mtakeni bila huruma. Matapeli wanaotangaza tiba ya kila kitu wanatuharibia jina sisi kabla ya kuwadhuru wagonjwa, na tungefurahi kuwaona wakizuiwa.

Wachumaji wa porini nao wasisahauliwe kwa sababu tunazungumzia mashamba. Inakadiriwa kwamba kati ya aina 50,000 na 70,000 za mimea hutumika kama dawa duniani, na zinazolimwa ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya kinachouzwa bado inatoka porini, kwa mikono ya watu ambao mara nyingi hawana ardhi yoyote. Kuwapiga marufuku kwa tangazo la siku moja hakuondoi uhitaji wa mnunuzi. Kunaihamishia biashara usiku. Namibia, kwenye mmea wa mizizi uitwao Harpagophytum ambao wagonjwa wa viungo Ulaya huununua kwa wingi, mchumaji mzuri anafundishwa kuchimba pembeni, kuchukua viazi vya pembeni tu, kuuacha mzizi mkuu na kufukia shimo. Mmea unabaki hai. Gome la Prunus africana nalo linaweza kubanduliwa kwa vipande vya pande mbili zinazotazamana za shina, na mti ukapona. Likizungushwa lote mti unakufa. Tofauti kati ya mambo haya mawili ni mafunzo, na haki ya kikundi kurudi kwenye eneo lile lile mwaka kesho. Mchumaji asiyejua kama atarudi anachukua chote leo, kwa sababu asipochukua yeye atachukua mwingine. Wapeni vikundi maeneo yao kwa maandishi na kwa miaka mingi.

Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisitisha kuagiza magome ya Prunus africana kutoka Cameroon kwa wasiwasi kuhusu uvunaji wake. Uamuzi kama huo ukifanyika huko mbali, anayeishiwa na kipato wiki hiyo hiyo ni mwenye panga msituni. Kuhesabu miti iliyopo na kupanga kiasi cha kuvuna kabla ya kuulizwa na wengine ni kazi yenu, waheshimiwa. Hatuwezi kuifanya kwa niaba yenu.

Kuna pia suala la maarifa, ambalo kwenye mikutano huzungumzwa kwa maneno mazito na huko vijijini halijaleta chochote. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda, jambo ambalo akina mama wa India wamelifanya tangu zamani. Baraza la Utafiti la India lilipinga kwa kuleta maandishi ya kale, na hataza ikafutwa mwaka 1997. India ilishinda kwa sababu maarifa yake yalikuwa yameandikwa. Yetu sisi wengine yamo vichwani mwa wazee, na kila mazishi yanaondoka na sehemu yake. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilishaweka msingi kwamba faida igawanywe na wenye rasilimali, na mwaka 2024 nchi wanachama wa WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, zilikubaliana mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aeleze asili ya rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyoyategemea. Kuna mfano wa utekelezaji pia: Afrika Kusini, mwaka 2019, wenye viwanda vya chai ya rooibos walikubali kuchangia asilimia 1.5 ya bei ya shambani kwa jamii za Wakhoi na Wasan. Wengine wanaona kiwango hicho ni kidogo. Mimi naona kuwa na kiwango, na mtu wa kukilipa, na mfuko wa kukipokea, ni hatua ambayo nchi nyingi hazijaifikia hata kwa mmea mmoja. Anzeni na mmoja.

Niseme neno kuhusu wafanyabiashara, kwa sababu kila warsha ninayohudhuria inamalizika kwa azimio la kumwondoa mtu wa kati. Siungi mkono. Mtu wa kati ndiye anayekwenda kwenye kaya zenye kilo tatu tatu, anachambua, anachanganya madaraja, anatafuta gari, anakaa na mzigo hadi meli ipatikane, na akikataliwa anabeba hasara. Akiondolewa bila mtu mwingine kuifanya kazi hiyo, kilo tatu zinabaki nyumbani. Kweli wapo wanaodhulumu kwa mizani na wanaochanganya mchanga na majani. Dawa yao ni mizani iliyohakikiwa, madaraja yaliyoandikwa ubaoni pale pa kununulia, na bei ya jana inayojulikana kwa kila mtu kwa ujumbe wa simu. Mfanyabiashara mwaminifu mpeni mkopo wa kununulia msimu wa mavuno, ili asimlipe mkulima kwa ahadi. Mpeni stakabadhi ya ghala anayoweza kuipeleka benki. Mpunguzieni vizuizi vya barabarani. Kila kizuizi kinacholipisha bila risiti kinakatwa kwenye bei ya mkulima. Mfanyabiashara hakilipi kutoka mfukoni mwake, hata akisema anakilipa.

Najua bajeti ni finyu, na siombi fedha mpya katika mwaka wa kwanza. Naomba zile zilizokwishatengwa kwa miche zisimame kidogo. Kabla mche wowote haujanunuliwa, kila mkoa ulioomba mradi uonyeshe mambo matatu kwa maandishi: nani atanunua, kiasi gani na kwa bei ya chini ipi, mavuno yatakaushwa au kukenekwa wapi, na yatapimwa na maabara ipi, kwa siku ngapi. Mkoa ukishindwa kujibu, fedha zake zijenge kwanza kile kilichokosekana. Mwaka wa pili ndio uwe wa miche.

Na ofisi iwe moja. Mteueni mtu mwenye jina na namba ya simu, awe kilimo au awe biashara, hatuchagui, ambaye mkulima, mchumaji na mfanyabiashara wakimpigia hawaambiwi waende idara nyingine. Tupo tayari kukaa naye siku ya kwanza ya kazi yake, na kumletea sampuli za magunia yaliyorudishwa msimu uliopita, kila moja na sababu yake.

Wenu katika kazi,

Mkulima na mfanyabiashara wa mimea dawa na mimea ya manukato